Mguu Mbele ya Mkwe

Nina aibu, na sitazunguka mbuyu. Watu wakiandika habari za maisha yao huanza na babu zao na kijiji walikozaliwa. Mimi naanza na mguu wangu wa kushoto, ambao siku hizi una vidole vitatu. Vile viwili viliondolewa na daktari wa upasuaji hapa hapa Sumbawanga, lakini waliovipoteza ni watu wawili wenye heshima zao: mimi, na mume wa binti yangu wa mwisho.

Nimefundisha shule za msingi za Ufipa mpaka nikastaafu. Ukali wangu unajulikana. Mpaka leo mwanaume mzima, ana kitambi na watoto wake, akiniona sokoni anaficha sigara nyuma ya mgongo, na mimi najifanya sijaona huku moyoni nafurahi. Siku za ukaguzi wa usafi nilikuwa napanga watoto mstari: vua viatu, onyesha kucha, onyesha visigino. Aliyeficha mguu nilimvuta mbele ya wenzake. Sikuwahi kujiuliza mtoto yule anajisikiaje. Nilitaka usafi tu.

Kisukari kilinikuta ningali kazini. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe, nakonda, nguo zinanivuka, na watu wakaanza kunong'ona yale wanayonong'ona mtu akikonda. Nilipopimwa nikaambiwa ni sukari nilimshukuru Mungu, maana nilichokihofia ni hicho cha kwenye minong'ono. Nikaanza vidonge, baadaye sindano, na maisha yakaendelea. Nikastaafu, nikatulia mjini kwenye nyumba yangu, na shamba la mahindi na ulezi nikawa nalima kwa vibarua ninaowagombeza kutwa nzima.

Kituo kilikuja baadaye. Bango lake ni refu, lina maneno ushirikiano, utafiti, mafunzo, kisukari, na chini yake alama za wale waliokubaliana kukianzisha, wa hapa nchini na wa ng'ambo. Sisi wagonjwa tunapaita Kwa Sukari. Mtu anakuuliza unaenda wapi, unamwambia naenda Kwa Sukari, na anaelewa.

Wengi wanadhani pale ni kliniki tu, na hiyo inaniudhi. Zamani mtu wa Mtowisa au Muze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, akipata kidonda cha mguu alikaa nacho nyumbani, na barabara ile ya kupanda mlima ikamchelewesha tena, akafika huku nyama imeshaoza. Anakatwa, anarudi na magongo. Kituo kikaamua kufundisha manesi na matabibu wa vijijini wenyewe. Wanakuja kwa makundi, wanakaa mjini wiki kadhaa, wanajifunza kupima sukari, kumuuliza mtu bila kumtisha, na kushika miguu na kuiangalia kidole kwa kidole. Kisha wanarudi makwao. Mkufunzi wao mkuu ni daktari wa kike wa makamo aliyetoka Dar es Salaam, mpole wa maneno, mkali wa kazi. Kila kundi analiambia jambo lile lile: "Sitaki mrudi na mashine. Nataka mrudi na macho."

Na huku wakifundisha, wanatafiti. Bondeni kuna joto na insulini inaharibika kwa mtu asiye na friji. Basi wakajaribu chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, wakawa wanapima joto la ndani mwezi baada ya mwezi kuona kama dawa inakaa salama. Huku juu kwetu baridi inasaidia dawa, lakini ilikuwa na fumbo lake. Kila msimu wa kipupwe walifika wazee wana vidonda vya nyayo, na hakuna aliyejua kilichomkata. Wageni wa ng'ambo walidhani ni viatu. Wakatuletea viatu vya kujaribu, laini, vizuri kweli kweli. Vidonda vikaendelea kuja.

Mimi ndiye niliyewaambia kuwa ni moto. Mtu wa Ufipa jioni ya baridi anavuta jiko la mkaa karibu na kiti, anaweka miguu, anaanza kupiga soga. Mwenye miguu mizima akiungua anaruka. Sasa mwenye kisukari cha muda mrefu miguu imekufa ganzi, anaendelea na soga zake huku nyayo zinaiva. Nilipolisema hilo kwenye mkutano wao, yule mkufunzi aliweka kalamu chini akaniangalia. Wakaenda kuwauliza wazee, mmoja mmoja, na ikawa kweli. Tangu hapo swali la jiko likaingia kwenye mafunzo, na mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha wagonjwa wenzangu kwa Kifipa. Ota mikono, miguu ivalishe soksi mbili. Nilikuwa nawasimamisha bibi za watu na kuwauliza maswali kama watoto wa darasa la tatu. Walinicheka, wakanitii. Pale Kwa Sukari hata madaktari waliniita Mwalimu.

Kwa hiyo aibu yangu ina ghorofa. Ya chini ndiyo hii: aliyewakataza wenzake kuota miguu alikuja kuungua akiota miguu.

Ya juu inahusu mkwe. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaogopana. Siyo chuki, ni heshima, na inalindwa. Mkwe wangu ni nesi kwenye kituo cha afya upande wa Matai, kijana msomi, lakini kalelewa na bibi yake na mambo haya anayashika kuliko wazee. Akija kwangu anachuchumaa mlangoni, anapiga makofi taratibu, anasalimia huku anaangalia udongo. Anakula sebuleni, mimi nakula jikoni. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mke wake, na mke wake ananiambia mimi, hata kama sote watatu tumekaa hapo hapo. Mimi kwa upande wangu sijawahi kuvua viatu mbele yake. Nikiwa peku akitokea ghafla, navuta kitenge mpaka chini nafunika miguu. Jirani yangu, mama mmoja mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, alituona siku moja akaangua kicheko.

"Mwalimu, sasa ukiugua huyo mkweo nesi atakutibu kwa simu?"

"Atanitibu kwa simu," nikamjibu, "na nitapona."

Nilijiona nimempatia jibu.

Jioni niliyoungua upepo ulikuwa mkali, ule unaoingia hata kwenye tundu la ufunguo. Nilikuwa nimechoka, nimetoka shamba kugombana na kibarua, na nilipokaa nikavuta jiko. Nasema kweli sikufikiri. Miguu ilijiweka yenyewe, na soksi zake, kwenye ukingo wa jiko, kama ilivyofanya tangu nikiwa msichana. Nikafungua redio nisikilize taarifa ya habari. Baada ya muda nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikadhani ni jirani anachoma plastiki tena, nikaanza kumtukana kimoyomoyo. Nilipoangalia chini niliona moshi unatoka kwangu.

Soksi ilikuwa imeganda kwenye nyama. Nilipoivuta ilikuja na ngozi, na sikusikia maumivu hata kidogo. Jamani, hilo ndilo lililonitisha. Mwili wako unabanduka unauangalia kama wa mtu mwingine. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikapaka asali, nikafunga kitambaa safi. Nikajiambia siku ya kliniki ni karibu, nitamvuta yule mkufunzi pembeni nimwambie peke yake, atanitibu kimya kimya, na wale bibi ninaowafundisha hawatajua.

Siku ya kliniki ikafika. Sisi wagonjwa tuliojitolea ili wanafunzi wajifunze kwa miguu yetu tulikaa kwenye viti, kila mmoja na kigoda mbele yake cha kuwekea miguu. Mlango ukafunguliwa, kundi jipya likaingia na makoti meupe, na katikati yao nikamwona mkwe wangu.

Binti yangu alikuwa ameniambia mumewe yuko masomoni. Hakusema wapi, na mimi sikuuliza, kwa sababu habari za mkwe hazichunguzwi. Yeye aliponiona alisimama ghafla mpaka aliyekuwa nyuma akamgonga. Viganja vyake vilikuwa vimeshakutana, tayari kupiga makofi, akakumbuka yuko wapi akavishusha.

Mkufunzi akaanza kugawa. Alipomfikia akasema, "Wewe mchukue Mwalimu. Ni mgonjwa wetu wa kutegemewa, atakufundisha mwenyewe."

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: daktari, huyu ni mkwe wangu. Lakini kuitamka mbele ya watu wote wale niliona ni kama kumfukuza. Na yeye angesema, ingeonekana ananikataa. Basi kila mmoja akamngoja mwenzake, na kigoda kikawa katikati yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, samahani sana."

"Fanya kazi yako, baba."

Alikaa upande upande, bega lake ndilo linaniangalia. Nilikuwa nimevaa soksi mbili kila mguu, na wa kushoto ulikuwa na kitambaa ndani. Akanong'ona kwamba pengine tunaweza kuacha soksi. Nikasema tuziache. Wana kiuzi kigumu cha plastiki wanachogusia nyayo mpaka kinapinda, na mgonjwa anasema kama anahisi au hahisi. Ngozi lazima iwe wazi, mtoto mdogo anajua hilo. Mkwe wangu alinigusa juu ya soksi mbili, na macho yake aliyaweka ukutani, kwenye bango lenye picha ya mguu. Aliangalia mguu wa kwenye bango muda wote.

"Unahisi, mama?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Nahisi."

Sikuwa nahisi chochote. Nilikuwa nauangalia mkono wake, ukienda mbele nasema nahisi. Nilijibu kama mwanafunzi anayechungulia kwa mwenzake, mimi niliyewachapa watoto kwa kosa hilo hilo.

"Vipi huku?" mkufunzi aliuliza alipopita.

"Miguu yote salama, daktari."

"Mwalimu?"

"Salama kabisa," nikasema.

"Safi sana." Akaenda kwa mwingine.

Nilitoka pale najikaza nisichechemee. Nilivyokuwa mjinga, nilijiona nimetunza heshima ya familia. Na lile la kumvuta mkufunzi pembeni likawa haliwezekani tena, kwa sababu kusema nina kidonda ni kusema mkwe wangu hakuangalia.

Siku zikapita. Sukari ikagoma kushuka. Kitambaa kikawa kinalowa, nabadilisha, kinalowa. Homa ikaja, nikasema ni mafua ya kipupwe. Misa nikaenda, nikakaa benchi la nyuma badala ya la mbele, na jirani yangu akauliza kama nimegombana na padri. Nilikuwa nakufa na tai shingoni. Ningeweza kwenda hospitali siku yoyote, ni mwendo mfupi kutoka kwangu, na kila asubuhi nilipata sababu ya kutokwenda.

Kisha binti yangu akatokea, bila kupiga simu, katoka Matai na basi la asubuhi. Hakunisalimia.

"Mama, vua soksi."

"Tangu lini unaingia kwa mtu bila shikamoo?"

"Shikamoo. Vua soksi."

"Nani kakwambia habari za soksi?"

"Mume wangu." Alikuwa ameshapiga magoti, ameshika kisigino changu. "Amekuja nyumbani hali wala halali. Amesema siku ile alisikia harufu."

Alisikia harufu. Kwa hiyo alijua. Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, kwamba huyo mwanaume ni nesi gani, kwamba amekaa na uvundo wangu puani akasema salama. Binti yangu aliniacha nikaongea huku anafungua kitambaa. Alipomaliza kufungua niliinama nikaangalia. Yeye alilia. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Na hapo nikajiuliza, kama ningekuwa yeye, ningemwambiaje mama mkwe wangu kwamba ananuka? Nisingemwambia. Ningeangalia bango.

Hospitalini hawakubishana muda mrefu. Daktari wa upasuaji alisema vidole viwili viondoke sasa, la sivyo wiki ijayo tutazungumza habari za goti. Vikaondoka. Nilipozinduka nilikuta mguu umefungwa bandeji kubwa kama ya mtoto aliyejifunga mwenyewe, na mkufunzi amekaa pembeni ya kitanda. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mwalimu, siku ile alikuangalia au hakukuangalia?" Nikafumba macho nikajifanya dawa za usingizi bado zinanivuta. Akasubiri kidogo, akaniambia kwamba kwenye kikao chao cha wiki watazungumza kisa hiki, na kama nina nguvu nikaribishwe.

Hicho kikao nakijua. Ni utaratibu wao pale Kwa Sukari: kila wiki kosa moja linawekwa mezani, wanalichambua bila kutaja jina, wanatafuta lilipoanzia. Ni utaratibu mzuri likiwa kosa la mtu mwingine. Safari hii darasa zima lilijua ni la nani, na tetesi zilikuwa zimeshazagaa kwamba atarudishwa Matai bila cheti. Bila cheti, kituo chake cha afya kingebaki bila mtu wa kisukari mpaka zamu nyingine, na yeye jina lake limechafuka.

Binti yangu alikuja wodini na uji wa ulezi, asioutia sukari, akakaa akaukoroga mpaka ukapoa.

"Mama, sema ulimkatalia," akaniambia. "Sema ulikataa kuvua soksi. Wewe umestaafu, hawana cha kukufanya."

"Nidanganye?"

"Si uliwaambia unahisi?"

Huyu mtoto nimemzaa mwenyewe, ulimi ni wangu.

Wakanisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka darasani. Wanafunzi wote walikuwepo, mkufunzi, na mtafiti mmoja wa ng'ambo aliyekuwa anatafsiriwa pembeni. Binti yangu alisimama mlangoni. Mkufunzi alianza kwa uangalifu: mgonjwa mmoja, kidonda kimoja, uchunguzi uliosema salama. Hakufika mbali. Mkwe wangu alisimama.

"Ni mimi, daktari. Sikuangalia. Ni mama mkwe wangu."

Mkufunzi alikunja uso. "Mama mkwe wako. Ndiyo. Kwa hiyo?"

Darasa zima lilijua jibu, na hakuna aliyetaka kulisema. Wengi waliinamisha vichwa. Mkufunzi akaangalia upande huu na huu, na mimi nikaona kwamba mwanamke yule, na usomi wake wote, hajaelewa, na kwamba kati ya watu wote mle ndani anayepaswa kumweleza ni mimi. Nikaeleza. Habari za kuchuchumaa, za kula mbali mbali, za kitenge kinachovutwa mpaka chini. Mambo ambayo hatuyasemi, tunayaishi tu. Yule mtafsiri alikuwa ananifuata kwa Kiingereza, mgeni anatikisa kichwa na kuandika, na nilivyosikia heshima yetu inapita kwenye lugha ya watu nilitamani niikamate niirudishe mdomoni. Ilisikika kama hadithi ya kuchekesha watalii.

Nesi mmoja msichana, anatoka Muze, akanyoosha mkono. "Daktari, baba mkwe wangu ana kisukari. Mimi ndiye nesi wa pale. Sijawahi kumwangalia miguu hata siku moja." Kijana wa Mtowisa akasema kwake ni shangazi wa mkewe, na mama mkwe, na dada zake. Mwingine akasema kijiji chake chote wameoana na ukoo wa mkewe. Wakacheka kidogo, kicheko cha aibu, kikafa.

Mkufunzi alikaa chini. Niliona kitu kinamwingia. Walikuwa wamechagua manesi wa huko huko vijijini ili wagonjwa wawe na macho karibu yao, na hakuna aliyefikiri kwamba macho hayo nusu ya watu hayaruhusiwi kuwatazama. Akamwambia mgeni kitu kwa sauti ndogo. Baadaye walibadilisha mengi kwa ajili ya siku ile. Sasa kabla ya kugawa wagonjwa wanauliza nani mkwe wa nani, na manesi wa vijiji jirani wanapangiwa kubadilishana wakwe, wa Muze anaangalia wa mwenzake na mwenzake anaangalia wake. Wanapima kama vidonda vinakamatwa mapema zaidi. Naambiwa inasaidia, na nafurahi. Lakini kufurahi hakuniondolei kitu.

"Mwalimu," mkufunzi akasema, "na wewe siku ile ulituambia unahisi."

Binti yangu mlangoni alikuwa ananiangalia. Maneno aliyonipa yalikuwepo tayari, nilikataa kuvua soksi, na yangemtosha kila mtu.

"Sikuhisi," nikasema. "Nilidanganya. Na kidonda ni cha moto. Niliota miguu."

Wawili watatu mle ndani walikuwa wamenisikia nikiwafokea bibi za watu kuhusu jiko. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mkufunzi akauliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. "Mguu wa kulia nani ameuangalia?"

Hakuna. Wodini wote tulikuwa tumeshughulika na wa kushoto. Yule msichana wa Muze akainuka akachukua glavu, na mkufunzi akaniambia, "Tunaweza kukupa huyu, Mwalimu. Hakuna neno."

Nilimtaka yule msichana kwa moyo wangu wote. Lakini nilimwangalia mkwe wangu, bado amesimama, mikono imening'inia, na nikafikiri atarudi Matai kwenye mama wakwe na shangazi wakwe wasio na idadi, na kwamba asipouangalia wangu hataangalia wa yeyote.

"Aangalie yeye," nikasema.

Akavaa glavu. Akapiga magoti sakafuni, akavua soksi ya kwanza, akavua ya pili. Ulikuwa mguu wa mwanamke mzee, kisigino kimepasuka, kucha nene za manjano, na watu wote waliuona. Nilitaka ardhi inimeze. Nilijikaza kisabuni nikamwangalia, na yeye alikuwa anaangalia, safari hii kweli, uso umesogea karibu mpaka nikaona mvi moja juu ya sikio lake.

"Unahisi?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile la siku ile. Nikalimeza.

"Sihisi."

"Na hapa?"

"Sihisi."

"Hapa je?"

"Sihisi, baba."

Akaanza kufungua vidole kimoja kimoja, na tochi ndogo. Kwenye vile vya mwisho akasimama.

"Daktari," akasema, na sauti ilikuwa ya kazini, sikuwahi kuisikia, "mgonjwa ana mpasuko kati ya kidole cha nne na cha tano. Una unyevu. Mwenyewe hajui."

Mgonjwa. Tangu amuoe mwanangu hajawahi kuniita kitu kingine ila mama.

Mpasuko ule ulitibiwa siku ile ile, na mguu wa kulia una vidole vyote mpaka leo. Kijana alimaliza mafunzo. Lakini pale darasani sikuwa nafikiria vidole wala cheti. Nilivuta kitenge nikajifunika uso, nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya darasa. Mkwe wangu alikuwa ameushika mguu wangu, na humo gizani ndani ya kitenge sikuwa na namna ya kujua kama ameshauachia.